Kuku Wanakoroma na Amoksilini Haisaidii: Yaliyonikuta Pongwe

Naandika kwa mfugaji mwenzangu ambaye kuku wake wanakoroma usiku, ameshanunua amoksilini, wakapata nafuu, wakarudia, akaongeza dozi, wakarudia tena. Kama uko hapo sasa hivi, tafadhali soma kabla hujarudi dukani. Mimi nimeipita njia hiyo hapa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, na imenila mapato ya karibu msimu mzima. Dawa niliyokuwa nikinunua haikuwa feki wala haikuwa imeisha muda. Ila kwa ugonjwa ule isingefanya kazi hata ningewanywesha ndoo nzima, na sababu iko kwenye maumbile ya mdudu mwenyewe, yaani bakteria anayeuleta.

Ilianza masika, mvua ilipokolea na maturubai yakashushwa ili maji yasiingie bandani. Kuku walikuwa katikati ya utagaji, chanjo za kideri na gumboro zimekamilika. Mchana ukiwaangalia huoni neno. Usiku ndio niliwasikia. Taa ikizimwa na zogo likatulia, unasikia mkoromo wa majimaji huku, kule mwingine anapiga chafya, hata unatambua kwamba si mmoja wala wawili. Kisha yakaja macho. Nilimkamata tetea mmoja nikamsogeza kwenye mwanga: kwenye kona ya jicho pana povu dogo jeupe, kope zimevimba, na manyoya ya bega yamegandana kwa sababu ndipo anapojifutia. Ukimbinya pua panatoka ute. Anakula, ingawa si kama zamani. Trei za mayai zikaanza kupungua.

Kwamba hawafi kwa wingi ni dalili yenyewe, ishike. Kideri kikiingia kwenye banda lisilochanjwa, ndani ya siku chache unaokota mizoga. Mafua makali nayo huvimbisha sura na kuenea banda zima kwa kasi. Huu wa kwangu ulitembea polepole, ukakaa, ukanizoea. Mfugaji anavumilia kwa sababu haoni vifo, kumbe anapoteza mayai kila siku na hela ya dawa kila wiki.

Duka moja la dawa za mifugo walinisikiliza kwa dakika moja hivi. "Mama angu, hayo mafua tu," nikapewa amoksilini ya unga ya kuchanganya kwenye maji. Nikawapa kama nilivyoelekezwa. Na kweli, baada ya siku chache kuku walichangamka, vichwa vikainuka, mayai yakapanda kidogo. Halafu mkoromo ukarudi. Nikaambiwa dozi ilikuwa ndogo, niongeze. Ikaongezwa. Nafuu, kisha mkoromo. Nikaambiwa sasa tuweke salfa, ni kali zaidi. Ile salfa haikuleta hata nafuu. Wakati huo mama lishe na vijana wa chipsi pale Ngamiani walionizoea walishaanza kuchukua mayai kwa wengine, kwa sababu mimi sikuwa na trei za kutosha na siku nyingine nilikataa kuuza. Chakula cha kuku hakikupungua hata kiroba kimoja. Mwezi wa namna hiyo unamaliza akiba ya mtu mzima, na niseme wazi kwamba nililia.

Aliyenitoa ni mtaalamu wa mifugo, kijana aliyesoma chuo cha mifugo cha LITA, kampasi ya Buhuri, hapa hapa Tanga. Alipofika alinipa shikamoo, akavua viatu vyake akavaa vya bandani kwangu, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa pakiti zote tupu za dawa. Nilikuwa nazo, sikuzitupa. Alizipanga kwenye benchi. Akauliza kila moja nilitoa lini, na baada ya kuitoa ilikuwaje. Nilipomweleza kwamba amoksilini ilileta nafuu kisha ugonjwa ukarudi, na salfa haikuleta kitu, alinyamaza kidogo akasema, "Mama, hizi dawa zinapiga mahali ambapo mdudu ninayemshuku hana." Hapo hakuniuzia kitu. Akaomba tumpasue kuku mmoja mgonjwa na wengine watolewe damu.

Tunzeni pakiti zenu. Bila zile pakiti angeanza kubahatisha upya.

Alimchinja tetea aliyekuwa taabani, akampasua juu ya gunia, akanionyesha mifuko ya hewa. Kwa kuku mzima mifuko hiyo ni utando mwembamba unaoona kupitia. Ya huyu ilikuwa imekuwa mizito, yenye ukungu, na ndani yake vipande vya manjano vilivyogandamana. Kwenye koo la hewa mlikuwa na ute. Siku ya pili, maabara, niliruhusiwa kusimama karibu wakati wa kipimo cha damu. Kibamba cheupe, tone la maji ya damu ya kuku, kando yake tone la dawa ya kupimia yenye rangi ya zambarau. Unachanganya kwa kijiti, unazungusha kibamba taratibu. Kama damu ni safi, tone linabaki laini, rangi moja. La kuku wangu lilianza kuchambuka kabla ya dakika mbili kwisha, zambarau ikajikusanya vipunje vipunje na pembeni pakabaki maji meupe. Walifanya hivyo kwa kuku kadhaa, maana kipimo hiki kwa kuku mmoja kinaweza kudanganya. Wengi walichambuka.

Mdudu ni Mycoplasma gallisepticum. Ugonjwa wafugaji wengi wanauita mafua sugu.

Sasa nieleze kwa nini amoksilini haimwezi, kwa sababu ukilielewa hili hutauziwa tena kitu kisicho na maana. Bakteria wengi wana ukuta nje ya utando wa seli. Ukuta huo unaitwa peptidoglaikani, na kwa umbo ni kama wavu: nyuzi ndefu za sukari zilizofungwa mafundo kwa vipande vifupi vya amino asidi. Anayeishi Tanga ameona wavuvi wa Sahare wakishona nyavu, basi ni kazi ya namna ile, haisimami, kwa sababu bakteria anapokua lazima akate fundo la zamani na afunge jipya. Penisilini na ndugu zake wote, amoksilini, ampisilini, kloksasilini, seftriaksoni, huvikamata vimeng'enya vinavyofunga mafundo. Ukataji unaendelea, ufungaji umesimama. Wavu unatoboka, maji yanasukuma kuingia ndani, bakteria anapasuka. Ndivyo penisilini inavyoua, na ndiyo maana haitudhuru sana sisi na kuku: seli zetu hazina wavu huo.

Mikoplasma naye hana. Hana ukuta hata chembe. Ana utando tu, ambao anauimarisha kwa kolesteroli anayoichukua kwa mnyama anayemkalia. Vimeng'enya vya kufunga mafundo hanavyo, kwa hiyo penisilini inapofika haina pa kushika. Kuongeza dozi ni kuongeza dawa isiyo na kazi. Vankomaisini, ambayo hospitali huiheshimu sana, nayo inapiga ukuta, kwa hiyo kwa huyu ni hivyo hivyo.

Kilichonishawishi zaidi ya yote ni jambo nililoambiwa na fundi wa maabara. Wakitaka kumwotesha mikoplasma kwenye chakula cha maabara, penisilini wanaiweka wao wenyewe makusudi. Bakteria wengine waliokuja na sampuli wanakufa, mikoplasma anabaki peke yake anastawi. Yaani dawa niliyokuwa nikiinunua kwa shida, wao wanaitumia kumsafishia njia. Nilikaa kwenye lile benchi la maabara nikalifikiria hilo kwa muda mrefu.

Basi ile nafuu ilitoka wapi? Mikoplasma akishajeruhi njia ya hewa, E. coli, bakteria wa utumboni, huingia nyuma yake, na hao ndio wanaozidisha ule uchafu wa manjano kwenye mifuko ya hewa. E. coli wana ukuta. Amoksilini ilipunguza hao, kuku wakapumua, nami nikaamini dawa inafanya kazi. Mwanzilishi wa ugonjwa, mikoplasma, hakuguswa, na baada ya muda akawafungulia wengine mlango. Nafuu inayorudi nyuma kila dawa ikisimama inatakiwa ikupeleke kwenye kipimo, isikupeleke kwenye dozi kubwa zaidi.

Na salfa? Hiyo haipigi ukuta. Inazuia bakteria kujitengenezea foliki asidi. Mikoplasma hajitengenezei, kwa hiyo hapo pia hana cha kuzuiwa. Dawa mbili tofauti kabisa, zote zimemkosa.

Tunasikia sana siku hizi habari za usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA. Wengi tunaelewa kwamba dawa ikitumika ovyo vimelea vinajifunza kuikwepa, na ni kweli. Ila kuna usugu wa asili, na mikoplasma ni wa hapo. Hakujifunza kwa mtu. Hata penisilini ilipogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, mikoplasma walikuwa tayari hawaiogopi. Tofauti hii ina maana kwenye mfuko wako. Kuna bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja amoksilini, na kwa hao daktari anaweza kuongeza klavulaniki asidi inayoilinda amoksilini isivunjwe. Kwa mikoplasma nyongeza hiyo unailipia bure, kwa sababu hakuna anayeivunja dawa. Wakati huo huo, E. coli walio kwenye utumbo wa kuku wako wanaonja amoksilini kila wiki, nao ndio wanaojifunza, na wanatoka na kinyesi mpaka kwenye mbolea tunayopeleka kwenye mchicha. Hili linaniuma kuliko hela niliyopoteza.

Tiba tuliyopewa ilikuwa tailosini. Dawa hii inakwenda mahali ambapo bakteria wote wanatengenezea protini, kwenye ribosomu, na mikoplasma anazo. Oksitetrasaiklini na doksisaiklini nazo hupiga hapo. Mkoromo ulianza kupungua, safari hii hata baada ya dawa kumalizika usiku ulikaa kimya, na mayai yakapanda taratibu, ingawa hayakurudi yalipokuwa.

Mambo ambayo hakuna aliyeniambia dukani, nayaweka hapa. Dawa za jamii ya tetrasaiklini hushikana na kalsiamu, na chakula cha kuku wa mayai kimejaa chokaa, kwa hiyo muulize mtaalamu namna ya kuzipangia wakati, na usizichanganye kwenye maji yenye madini ya kuongeza nguvu. Doksisaiklini Ulaya hairuhusiwi kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa. Kila dawa ina kipindi cha kungoja kabla yai halijauzwa, kinatofautiana kati ya bidhaa na bidhaa, kimeandikwa kwenye kibandiko. Tafuta herufi zile ndogo uzisome. Mayai ya kipindi hicho niliyafukia. Jirani aliniambia ni wazimu, trei nzima nzima chini ya mchanga. Ila watoto wanaokula chipsi mayai Ngamiani sikuwazaa mimi, ni wa watu, na sikuwa tayari kuwanywesha dawa bila wao kujua.

Nilimuuliza yule kijana kwa nini asinipe enrofloksasini, maana nilisikia inasifiwa. Alikataa katakata. Inampiga mikoplasma, hilo hakulikana, lakini ni ya jamii moja na siprofloksasini tunayotibiwa sisi, na Marekani waliipiga marufuku kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya usugu uliokuwa ukihamia kwa binadamu. Nilimheshimu zaidi kwa kukataa kule.

Sasa sehemu ngumu. Tailosini haikuponya kundi langu. Ilituliza. Kuku aliyeambukizwa mikoplasma hubaki nayo, na siku ya mvua, ya kuhamishwa, ya hewa nzito bandani, inaamka. Harufu kali ya kinyesi cha kuku inayokuchoma macho ukifungua mlango asubuhi ni amonia, nayo inachubua njia za hewa na kumrahisishia kazi. Tangu hapo maturubai yangu hayafiki juu. Naacha nafasi hewa ipite hata mvua ikinyesha, na maranda yakilowa yanatolewa siku hiyo hiyo. Kibaya zaidi, mikoplasma hupita ndani ya yai kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga. Kwa hiyo mayai ya kundi lile hata moja sikuliweka kuangua, na sikumuuza mtu tetea wa kwenda kufuga. Waliendelea kutaga mpaka faida ilipokwisha, wakauzwa wote kwa nyama kwa mara moja, baada ya kipindi cha dawa kupita.

Hapo ndipo kukosa ukuta kunapomgeuka mikoplasma. Kinachomkinga na penisilini kinamwacha uchi. Nje ya mwili wa kuku hadumu, ukavu na jua vinamwua, sabuni na dawa za kawaida za kusafishia zinautatua ule utando wake. Banda langu lilifagiliwa, likasuguliwa kwa sabuni, likapigwa dawa, likaachwa tupu na wazi kwa wiki kadhaa. Gharama yake ni uvumilivu wa kukaa bila kuku, na kwa anayetegemea mayai kulipa ada ya shule huo uvumilivu ni mzito, najua.

Niingize jambo la watu, kwa sababu nilipoanza kuwasimulia ndugu zangu haya, dada yangu alishtuka akasema mwanawe ana kikohozi kikavu cha wiki nyingi na ameshanyweshwa amoksilini chupa kwa chupa. Mikoplasma wa kuku hamwambukizi binadamu. Ila binadamu tuna wa kwetu, Mycoplasma pneumoniae, anayependa zaidi watoto wa umri wa shule na vijana. Mtoto anakohoa muda mrefu, homa si kali sana, anatembea na kucheza, mapafu yanaumwa. Huyu aliwasumbua madaktari miaka mingi. Mwaka 1944 Monroe Eaton alimpata akadhani ni virusi, kwa sababu alikuwa mdogo kiasi cha kupita kwenye vichujio vinavyozuia bakteria wa kawaida, na ni mpaka mwaka 1962 ndipo alipooteshwa kwenye chakula cha maabara ikathibitika ni mikoplasma. Wataalamu wa ng'ombe walitangulia: mikoplasma wa homa ya mapafu ya ng'ombe alioteshwa na Nocard na Roux, Ufaransa, mwaka 1898.

Sisemi kila kikohozi ni hicho. Mara nyingi ni virusi tu, na Tanga hii tumezoea pia kila homa kuiita malaria kabla ya kupima. Wala sisemi ukanunue azithromaisini mwenyewe, maana huko Asia ya Mashariki imeshatumika mpaka mikoplasma wengi hawaisikii tena, na tetrasaiklini zinaharibu rangi ya meno ya watoto wadogo. Nilimwambia dada yangu kitu kimoja: ukifika kwa daktari, mtajie dawa zote alizopewa mtoto, kwa majina, na useme kilichotokea baada ya kila moja. Alifanya hivyo. Daktari alisikiliza kifua, akaagiza picha, akabadilisha aina ya dawa badala ya kuongeza nguvu ya ile ile. Mtoto alipona, kikohozi kikachukua muda kuisha kabisa, na daktari alishamwonya dada kwamba kingechukua muda.

Kundi langu la sasa nilianza kwa kuuliza swali moja kituo cha vifaranga: mitetea wazazi wanapimwa mikoplasma, na majibu yako wapi? Wa kwanza walikasirika, wakaniambia vifaranga vyao vyote ni vizima. Wa pili walinionyesha karatasi. Bei ilikuwa juu kidogo nikailipa. Kuku wa umri tofauti siwachanganyi tena, na kuku wa zawadi, hata akitoka kwa mama mkwe, anakula kwenye sufuria bila kupita bandani.

Ukiamua kupima, usingoje mpaka umeshawanywesha dawa, maana mdudu akishatulizwa kumwotesha kunakuwa kugumu. Chagua kuku kadhaa walio hai wenye dalili mpya, kutoka pande tofauti za banda, uwapeleke asubuhi kabla ya jua kali. Aliyekufa jana hafai, ameshaoza. Nenda na orodha ya chanjo na tarehe zake, kwa sababu baadhi ya chanjo zinaweza kufanya lile tone la zambarau lichambuke hata kama mikoplasma hayupo.